Mwaka Huu Nalala Chini

1 Machi

Daftari hili nimepewa na Kamelia, yule binti wa mazoezi ya viungo pale hospitali, niandike kila siku nimefanya zoezi gani na limeniuma wapi. Haya, nitaandika. Ila siku nikiwa na hasira nitaandika na mengine, na leo nina hasira.

Binti yangu Galya amekuja mchana na nyuzi za Machi. Akanifunga wangu mkononi, mwekundu na mweupe, akanibusu, akasema, "Afya njema, mama." Kumbe busu lilikuwa la kunilainisha tu. Supu haijapoa, akatoa karatasi tatu kwenye mkoba akazipanga mezani.

"Julai twende kambi kama kila mwaka," akasema. "Ila safari hii tuchague kama watu wenye akili."

Karatasi ya kwanza ni kambi mpya yenye bwawa la kuogelea. Unalala kwenye nyumba ya magurudumu yenye kiyoyozi, unavishwa bangili ya plastiki ili getini wakujue. Ya pili ni vibanda vya mbao vya wafanyakazi wa reli, vile vya zamani, vitanda vya chuma na bafu la pamoja. Ya tatu haikuwa na picha. Ameandika kwa kalamu "Mbweha", na mbele yake ameweka alama ya kuuliza.

Mbweha ni ufuo wetu! Miaka thelathini na nane mimi na mume wangu Gancho tunapiga hema pale chini ya mwaloni, nyuma ya mchanga. Hakuna bomba, hakuna choo, hakuna mtu wa getini kwa sababu hakuna geti. Alama ya kuuliza ya nini? Ebo!

"Bwawa la nini," nikamuuliza, "na bahari iko pale pale?"

"Mama, Novemba umewekewa nyonga ya chuma."

"Chuma hakiozi."

"Huwezi hata kuinuka kutoka chini. Utalala kwenye mchanga, asubuhi nani akuinue? Baba?"

Nikamtazama Gancho aseme neno. Gancho anakula supu kama mtu aliyelipwa kuila.

"Na nikiinuka mwenyewe?" nikasema.

"Bila kiti? Bila kushikwa mkono?"

"Bila chochote."

"Basi. Siku ya Mtakatifu Georgi, tarehe sita Mei, tunakula mwanakondoo hapa kwenu. Ukishuka kwenye zulia ukainuka mbele yetu, utachagua wewe. Usipoinuka nachagua mimi, na sitaki kelele."

Nimeendesha basi la umeme hapa mjini Stara Zagora miaka ishirini na sita, na kelele zangu zilikuwa zinafika kiti cha mwisho. Lakini nikampa mkono, tukakubaliana.

Watu huvua uzi wa Machi wakiona korongo wa kwanza au mti uliochanua. Mimi wangu sivui mpaka nilale Mbweha. Nimeapa, na sasa nimeandika.

2 Machi

Nilishuka kwenye zulia. Sikuinuka. Gancho alinivuta.

3 Machi

Sikuinuka.

6 Machi

Kamelia amenifundisha: lala ubavu, geuka ukae kwa mikono na magoti, lete mguu mzima mbele, sukuma. Kwa mdomo ni rahisi mno. Nimekaa kwa mikono na magoti robo saa, paka akanipita chini ya tumbo.

Sikuinuka.

11 Machi

Mvua. Sikuinuka. Lakini nimegundua chini ya kabati kuna soksi mbili za Gancho na lozi tangu Krismasi. Nilizila nikiwa pale pale chini, kwa sababu Gancho alikuwa dukani na sikuwa na pa kwenda.

Aliporudi akavuta kiti kwanza, akaegemeza kiwiko mezani, ndipo akanipa mkono. "Mgongo," akasema. Kila siku mgongo. Ningekuwa mimi ningekuwa nimeshamwona daktari.

19 Machi

Veska, jirani yetu wa ghorofa ya juu, amepiga kelele kutoka roshani yake hadi mtaa mzima ukatoka nje.

"Donka! Korongo! Yule juu ya bomba la moshi! Vua uzi wako ukaufunge kwenye mti!"

"Sivui!"

"Utapata mkosi, shoga!"

"Mkosi nishaupata Novemba, hakuna mwingine uliobaki!"

Veska na hema lake tumekuwa naye Mbweha tangu ameolewa, ameachika, ameolewa tena. Yeye angalau ameniuliza kwa nini nang'ang'ania. Nikamwambia: tangu Novemba watu wananilaza, wananikalisha, wananigeuza kama mkate kwenye tanuri. Nataka kulala mahali nilipochagua mwenyewe, na kuamka kwa miguu yangu mwenyewe. Basi. Veska akafuta pua akasema gari lake dogo la mizigo lipo, nikishinda tu tunaondoka.

Sikuinuka.

30 Machi

Nusu! Goti la kulia lilitoka kwenye zulia, likakaa hewani nikahesabu hadi nne, likarudi. Nimemwita Gancho aone. Alisema, "Hongera," halafu akaenda kumwagilia nyanya zake za kwenye makopo, ambazo alikuwa amezimwagilia saa moja kabla.

Huyu mtu ana nini?

12 Aprili

Leo Galya ametupeleka kuziona kambi zote tatu. Tumetoka alfajiri, na mimi nina mkongojo, Gancho ana mto wa kukalia, Galya ana orodha.

Kambi ya bwawa kwanza. Viwanja vimepimwa kwa kamba na kupewa namba, nyasi ni za plastiki. Kuna ubao wenye makatazo: usioshe vyombo hapa, usianike nguo, usipike samaki. Nikamuuliza dada wa mapokezi, "Watu huja hapa kufanya nini?"

"Kupumzika, mama."

"Kupumzika na nini, kama hawaruhusiwi kufanya kitu?"

Galya akanifinya mkono. Dada akatuonyesha nyumba ya magurudumu, safi kweli, sikatai, na dirishani ukisimama kwenye kiti unaiona bahari. Gancho aliingia bafuni humo akakaa muda mrefu. Nilimsikia anashika vile vyuma vya ukutani, kimoja kimoja.

Vibanda vya reli baadaye. Rangi imebanduka, lakini pana misonobari na mama mmoja mlinzi aliyetukaribisha kahawa, akatuambia maji ya moto yapo saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, na anayechelewa anaoga baridi na haruhusiwi kulalamika. Nikampenda papo hapo. Gancho akakaa kitandani, akainuka, akakaa tena, akainuka. "Urefu mzuri," akasema.

"Urefu wa nini?"

"Wa kitanda."

Mbweha mwisho. Njia ilikuwa tope, gari likaachwa juu, tukashuka. Mwaloni upo. Msumari wetu wa kamba ya nguo upo, na kamba ya mwaka jana bado inaning'inia, imekuwa kijani. Chemchemi inatoka. Hakuna mtu, upepo tu, na mawimbi yanapiga kama yamekasirika kwa niaba yangu. Nikalia. Sioni haya, nililia kwa sauti.

Galya alikuwa nyuma yangu, viatu vimejaa tope. "Nisamehe, mama," akasema. Nikamwambia aniombe radhi akishanipa ufuo wangu, si sasa. Akafungua mdomo aseme kitu, akamtazama baba yake, akaufunga.

20 Aprili

Pasaka. Tumegonganisha mayai mekundu; lisilovunjika huleta bahati. Yai langu limevunja la Gancho, la Galya, la Veska na la mume wa Veska. Nimeliweka kwenye rafu, litakaa mwaka mzima. Nikamwambia Galya, "Unaona?"

"Naona yai, mama."

Jeuri hii ameitoa wapi? Veska anasema sina haja ya kufikiri sana.

Sikuinuka.

28 Aprili

Nimeanguka. Si vibaya, ila nimeangukia uso, na Kamelia kwa simu amenigombeza kuliko mama yangu mzazi. Siku mbili nisijaribu. Mvua tena. Jioni Galya amepiga simu: "Mama, acha basi. Bwawa si kaburi."

Nimekata simu. Nimemwita jina ambalo siliandiki kwenye daftari la hospitali.

3 Mei

Nimeinuka.

Nilikuwa peke yangu. Ubavu, magoti, mguu mzima mbele, nikasukuma nikitukana, nikajikuta natazama saa ya ukutani uso kwa uso. Nimesimama katikati ya zulia na hakuna mtu wa kumwambia, na simwambii mtu. Watajionea.

6 Mei

Naandika asubuhi ya tarehe saba.

Mwanakondoo alitoka vizuri. Tulikuwa sita mezani: sisi wawili, Galya na mumewe, Veska na wa kwake. Chupa ya pombe ya rakia ikazunguka mara moja, nikasema, "Haya, ondoeni viti."

Nikaweka mkongojo ukutani. Nikashuka polepole, nikalala chali kabisa ili asije mtu akasema nimekaa nusu. Kutoka chini niliona viatu vyao vyote, na viatu vya Gancho vilikuwa vimegeukia mlangoni. Ubavu. Magoti. Mguu mzima mbele. Nikasukuma, na lile goti la kulia likagoma, likagoma, likakubali.

Nilisimama. Veska akapiga ukelele, mume wa Galya akagonga sahani kwa uma, Galya akanikumbatia akilia, na kulia kwenyewe kulikuwa kwa furaha, nilishangaa. Nikawa mlevi wa ushindi. Nikamgeukia Gancho.

"Na wewe sasa! Wewe wa nyonga za Mungu, tuonyeshe!"

"Mimi sina haja, Donka."

"Unaogopa?"

"Acha mzaha."

"Thubutu! Ananivuta mimi kama gunia miezi miwili, leo anaogopa zulia!"

Wote wakacheka wakamsukuma kwa maneno. Isipokuwa Galya. Galya alisema, "Mama, mwache." Lakini nani anamsikiliza? Gancho akashuka, akakaa chini, akajaribu kucheka. Halafu akajaribu kuinuka.

Akageuka huku, akageuka kule. Akashika mguu wa meza, vyombo vikalia. Akakaa kwa magoti, uso ukawa mwekundu kama lile yai langu, na magoti yakakataa kabisa. Hakuna aliyecheka tena. Mwishowe mume wa Galya na mume wa Veska walimshika makwapa wakamnyanyua, naye akaenda chumbani bila kutazama mtu, akafunga mlango.

Galya akanieleza jikoni. Ni magoti, miaka miwili sasa. Msimu wa mwisho pale Mbweha alikuwa anatambaa hadi kwenye mwaloni kila asubuhi kabla sijaamka, anajivuta kwa kamba ya nguo. Baridi hii akamwendea Galya akamwomba: tafuta kambi yenye vitanda na vyuma ukutani, ila usimwambie mama yako kwamba ni kwa ajili yangu. Sema ni nyonga yake.

"Aliniapisha, mama. Ningesemaje?"

Miezi miwili nimemwita mtoto huyu jeuri, mbinafsi, mpenda plastiki, na yeye amebeba mzigo wa baba yake amenyamaza. Na mimi nimelala sakafuni kama mkeka, nikila lozi za Krismasi, nikidhani mgonjwa wa nyumba hii ni mmoja!

Nilimwomba Galya msamaha. Gancho sikumwomba. Nina hasira naye kuliko nilivyowahi kuwa tangu alipouza pikipiki yangu.

7 Mei

Hatusemezani.

8 Mei

Hatusemezani. Mvua.

10 Mei

Amesema, "Chumvi." Nimempa chumvi.

13 Mei

Mvua imefika mpaka kwenye nyanya zake. Amezileta ndani kopo kopo, na kila anapoinama anashika kitu: mlango, beseni, mgongo wa kiti. Sijui nilikuwa natazama wapi miaka miwili. Nilikuwa najitazama mimi, hilo ndilo jibu.

15 Mei

Leo jipu limepasuka.

"Nenda wewe na Veska," akasema, mgongo kwangu, anaosha vikombe. "Umeshinda. Mimi nitabaki na paka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungebaki nyumbani kwa ajili yangu."

"Mimi? Nibaki? Umenioa lini wewe, jana?"

"Basi ungenionea huruma."

"Na wewe ulinifanya nini, Gancho? Ukakaa unakula supu, binti yako ananiambia mbele yako kwamba mimi ndiye nisiyeweza. Ukaniacha nibebe magoti yako kwenye nyonga yangu!"

Akafunga bomba. Akasema, "Niliona haya, Donka." Hivyo tu. Kwamba wanaume wengine pale ufuoni bado wanapanda mwambani kuruka majini, na yeye anatambaa kwenda mtini. Nikamwambia mwanamume anayetambaa kabla ya alfajiri ili mkewe asimwone ni mjinga mkubwa. Nikamwambia nampenda, kwa sauti ya kugombana, kwa sababu bado nilikuwa nagombana.

Lakini jambo moja alisikie yeye na bwawa lake na vyuma vyake: sikuinuka kwenye lile zulia nikavae bangili ya plastiki. Na siendi Mbweha na kumwacha na paka. Kuna njia nyingine, na nitaipata.

22 Mei

Nimeipata. Iko kwenye ghala la chini, nyuma ya baiskeli.

Ni mlango wa zamani wa jikoni, tulioutoa mwaka tulipobomoa ukuta. Mbao nzima. Nimempigia Veska: mumewe ana kreti za bia?

"Shoga, unauliza kama samaki ana maji."

25 Mei

Jaribio sebuleni. Kreti nne chini ya mlango, moja kila pembe, godoro la sifongo juu. Gancho amelala.

Gancho: hakuinuka.

Nimeandika hivyo hivyo humu daftarini, na amekubali niandike.

26 Mei

Kreti nane, mbili mbili kila pembe. Gancho amelala, akageuka, akashusha miguu.

Gancho: ameinuka.

Akalala tena akainuka tena, mara saba, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa ufagio. Nami nikagonga sakafu yangu kwa mkongojo.

9 Juni

Galya amesikia habari ya mlango, amepiga simu.

"Mama. Mlango. Ufuoni."

"Mlango ufuoni."

"Watu watasema nini?"

"Watasema Gancho amelala juu kama mfalme. Mkataba ni mkataba, binti yangu. Nilisimama."

Nikamsikia anacheka, kicheko chake cha utotoni, cha puani. Amefuta nafasi aliyokuwa ameshaiweka kwenye kambi ya bwawa. Amechukua kibanda cha reli, cha yule mama wa maji ya moto, kilomita tatu kutoka Mbweha kwa njia ya ufuo. "Si kuwalinda," akasema. Mwongo. Nimemwacha alinde.

20 Juni

Kamelia ameutazama uzi mkononi mwangu, umekuwa rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Akauliza kama nina ugonjwa wa ngozi.

27 Juni

Mbweha. Tumefika saa nne. Mume wa Veska na wenzake wamebeba mlango kutoka barabarani, na kila hema tulilopita watu walisimama kutazama. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Nyumba yenyewe iko nyuma inakuja?"

"Nyumba ndiyo hapa, tumekuja kukaa," nikamjibu. "Mlango ni wa kukufungia wewe nje!"

Mlango umekaa juu ya kreti zake chini ya mwaloni, pande zote wazi, na kitambaa cha hema juu yake. Gancho yuko juu. Mimi hema langu liko pembeni, godoro jembamba, mchanga chini yake.

28 Juni

Nimelala chini. Nimeinuka.

29 Juni

Nimeinuka. Gancho ameinuka. Samaki.

30 Juni

Uzi nimeuvua leo, nikaufunga kwenye msumari wa mwaloni. Veska anasema hakuna mtu katika nchi hii aliyewahi kufunga uzi wa Machi mwisho wa Juni. Nikamwambia sasa yupo.

1 Julai

Asubuhi hii pwani yote husubiri jua la kwanza la Julai. Kulipoanza kupambazuka watu walitoka kwenye mahema na mablanketi yao wakakaa mchangani, mamia, wanaongea chini chini. Galya alikuja kwa miguu kutoka vibandani, kilomita zote tatu, viatu mkononi, amebeba banitsa, mkate wa jibini, iliyofungwa kwenye taulo. Akakaa kando yangu. Gancho hakushuka. Tuliusogeza mlango wake mpaka ukingo wa mchanga, akakaa juu yake nyuma yetu, miguu inaning'inia.

Mbingu ikawa nyeupe, kisha ya waridi. Galya akaninyooshea mkono aninyanyue.

"Weka mkono wako," nikamwambia.

Nikalala ubavu. Magoti. Mguu mzima mbele. Watu kama kumi waligeuka kunitazama, wacha watazame. Nikasukuma, nikasimama, na jua lilikuwa bado halijatoka. Nililishinda kwa dakika nzima.

Halafu likatoka, na nyuma yangu nikasikia, "Donka! Kaa chini, unanizibia!"

"Sikai."

"Donka, miaka thelathini na nane nalisubiri hili jua, nami naona matako yako!"

Watu wote wakaangua kicheko, Galya akaangusha banitsa mchangani. Mimi sikugeuka wala sikusogea hata hatua moja.

"Sikai, Gancho. Ukitaka kuliona, simama."

Nikasikia kreti zikilia. Kisha nikasikia miguu yake kwenye mchanga, mmoja, halafu mwingine, na bega lake likagusa langu.